Audra McDonald

Audra McDonald (amezaliwa 3 Julai 1970) ni mwimbaji wa sauti ya soprano na mwigizaji wa tamthilia za muziki kutoka Marekani. Alizaliwa Berlin Magharibi, akakulia Fresno, California, na kuhitimu uimbaji wa klasiki katika chuo cha Juilliard, New York, mwaka 1993.

Mwaka uliofuata tu alitwaa Tuzo ya Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway jijini New York, kwa nafasi ya Carrie katika *Carousel*. Zikafuata *Master Class* (1996) na *Ragtime* (1998): tuzo tatu kabla hajatimiza miaka 30.

Hakujifunga Broadway. Aliimba opera Houston na Los Angeles, na kwenye televisheni aliigiza daktari katika *Private Practice*.

Mwaka 2004 alishinda tena Tony kwa *A Raisin in the Sun*, kisha kwa *Porgy and Bess* (2012). Mwaka 2014 alishinda kwa kumwigiza Billie Holiday, akiiweka kando soprano yake angavu ili aipate sauti nzito, yenye majeraha, ya malkia huyo wa jazi.

Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Taifa ya Sanaa mwaka 2016. Kwa Tony zake sita za uigizaji, hakuna mwigizaji aliyemfikia.