Mwanao Ataka Kusomea Famasia? Ulizia Bodi Kabla ya Kulipa Karo

Kila matokeo ya KCSE yanapotoka, wazazi huniuliza swali lile lile: mtoto akitaka kazi ya kemisti, aanzie wapi? Jibu naliandika hapa liwafae wengi.

Kazi ya dawa nchini Kenya husimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu, chini ya Sura ya 244 ya sheria zetu. Wanaotambuliwa kutoa dawa kwenye kemisti ni aina mbili. Kuna mfamasia, mwenye shahada ya miaka 5 na mwaka 1 wa mafunzo kazini. Na kuna mteknolojia wa dawa, mwenye diploma ya miaka 3. Hawa wa pili ndio wengi zaidi.

Anayetaka diploma asiwe dhaifu katika biolojia na kemia. Atafunzwa dawa inavyofanya kazi mwilini, vipimo vyake, uhifadhi wake na sheria zake, kisha apelekwe hospitalini kwa mazoezi. Akihitimu, bado hajamaliza. Afanye mtihani wa bodi, jina lake liandikwe katika daftari la bodi, na kila mwaka akate leseni upya. Duka nalo lina leseni yake peke yake.

Wazazi wengi hupotelea kwenye kozi ya cheti. Matangazo yake yamebandikwa kila mahali, karo ni nafuu na muda ni mfupi. Lakini bodi haitambui cheti cha famasia. Kijana aliyekipata hawezi kuandikishwa, hata awe hodari vipi. Hata diploma haimfikishi kwenye mtihani ikiwa chuo hakikuidhinishwa na bodi. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya bodi. Isome kabla ya kutoa shilingi.

Hili latuhusu pia sisi wanunuzi. Kipimo cha dawa ya homa ya mtoto hufuata uzani wake, na chupa mbili zinazofanana huenda zikatofautiana kwa nguvu. Asiyefunzwa hakisii ila kwa bahati. Kwa hivyo ukiingia kemisti, tazama leseni ukutani, na usione haya kuuliza jina lililoandikwa pale ni la nani, na yuko wapi.

Tahadhari kabla ya hatari.