Kulipa kiingilio ili upotee shambani: ifahamu mizingile ya mahindi ya Marekani

Mama mmoja msikilizaji wetu alitutumia picha kwa simu. Kijana wake anasoma Marekani, na kwenye picha amesimama katikati ya mahindi marefu yaliyokauka, amevaa koti zito na anacheka. Mama alikuwa na wasiwasi. Majirani walioiona picha walimwambia kijana ameacha shule na amekuwa kibarua wa shambani. Akatuuliza: huyu mtoto anatafuta nini kwenye mahindi ya watu?

Jibu fupi, mama, ni kwamba kijana wako alikwenda kutembea. Alilipa kiingilio, akaingia shambani kwa makusudi, akapotea na wenzake kwa muda wa saa moja hivi, kisha akatoka. Mchezo huo Marekani ni wa kawaida kabisa kila mwaka ifikapo Septemba na Oktoba. Kwa kuwa wasikilizaji wengi wana ndugu huko, na kwa kuwa jambo lenyewe linahusu mahindi, ambayo kwetu ni chakula na ada ya shule, tumeona tulieleze kwa urefu.

Mzingile ni nini?

Mzingile ni njia zilizopindapinda na kugawanyika, zilizotengenezwa ili anayepita apotee. Njia nyingine zinakupeleka mbele, nyingine zinakurudisha ulikotoka, na nyingine zinaishia ukutani. Huko Ulaya watu wa kifalme walipanda mizingile ya miti ya ua kwenye bustani zao. Mmoja uliopo kwenye kasri la Hampton Court, Uingereza, ulipandwa mwishoni mwa karne ya 17 na watu bado wanauingia hadi leo.

Mzingile wa mahindi ni jambo hilohilo, ila kuta zake ni mahindi yenyewe. Shamba linapandwa, njia zinakatwa ndani yake, na mahindi yakifika mita 2 na nusu au 3 mtu aliye ndani haoni kitu zaidi ya majani na mbingu. Ukilitazama shamba hilo kutoka angani, zile njia huwa zimechora picha: mnyama, trekta, ramani au maneno.

Ulianza lini?

Mzingile wa mahindi unaotambuliwa kuwa wa kwanza wa aina hii ulitengenezwa mwaka 1993 katika mji wa Annville, jimbo la Pennsylvania, kwenye chuo cha Lebanon Valley. Waliouanzisha ni Don Frantz, mtu wa maonyesho ya jukwaani, na Adrian Fisher, Mwingereza ambaye kazi yake ni kubuni mizingile. Ulikuwa na ukubwa wa ekari 3 hivi, na umbo lake lilikuwa la dinosaria.

Mwaka huo mito ya Mississippi na Missouri ilifurika vibaya na kuharibu mashamba mengi ya katikati ya Marekani. Mzingile ule ulitumika kuchangisha fedha za kuwasaidia wakulima waliokumbwa na mafuriko. Kwa hiyo tangu mwanzo mchezo huu ulibeba mambo mawili: burudani na mchango.

Mwaka 1996 Brett Herbst alifungua mzingile wake huko American Fork, jimbo la Utah, kisha akaanzisha kampuni ya kuwabunia wakulima wengine. Baada ya hapo wazo lilienea majimbo mengi, likaingia Kanada, na Uingereza nako likashika. Mwaka 2014 shamba moja la mji wa Dixon, California, liliandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa mzingile wa ekari 60.

Kwa nini majira hayo?

Kwa wenzetu wa kaskazini na pwani, ukisema vuli watu wanashika jembe, kwa sababu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kamusi hutumia neno hilohilo kwa majira ya nchi za baridi yanayofuata kiangazi chao, lakini hali yake ni tofauti. Huko siku zinafupika, jioni zinakuwa na baridi, na miti inapoteza rangi ya kijani, inakuwa ya njano na nyekundu kabla majani hayajaanguka. Ni wakati wa mavuno, wa maboga na matofaa. Watu wanataka kutoka nje kabla theluji haijawafungia ndani, na tarehe 31 Oktoba wana sikukuu ya Halloween, ambapo watoto huvaa mavazi ya kutisha na maboga huchongwa sura za watu.

Ndiyo maana wakulima hufungua mashamba yao katikati ya Septemba na kuyafunga mwanzoni mwa Novemba. Wikiendi zote za msimu hazizidi saba au nane. Mvua ikinyesha Jumamosi mbili, hasara imeingia.

Unatengenezwaje?

Mkulima huchelewa kupanda kwa makusudi. Wenzake wakipanda mwishoni mwa Aprili na Mei, yeye husubiri hadi mwishoni mwa Mei au Juni ili mahindi yabaki na ukijani msimu unapoanza. Mara nyingi hupitisha mashine ya kupandia mara mbili, kwanza kwa urefu wa shamba, kisha kwa upana, ili mistari ikatane na kuta ziwe nene kiasi kwamba mtu haoni njia ya pili.

Mahindi yakiwa bado mafupi, hayajapita goti sana, ndipo njia zinapokatwa. Zamani walichora picha kwenye karatasi yenye miraba, wakachomeka bendera ndogo shambani kwa vipimo vilevile, kisha wakafuata kwa mashine ya kukatia. Siku hizi wengi hutumia kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye trekta. Njia husafishwa hadi udongo unabaki wazi, na hutunzwa msimu mzima zisiote magugu.

Ukifika unakuta nini?

Kwanza ni uwanja wa kuegesha magari na kibanda cha tiketi. Kwa kawaida mtu mzima hulipa kati ya dola 10 na 20, na watoto wadogo hulipa pungufu au huingia bure. Unapewa ramani au kadi. Ndani kuna vituo, na kila kituo kina mhuri wa kugonga kwenye kadi yako au swali la kujibu. Ukijibu sawa unaambiwa pinda kulia, ukikosea unapinda kushoto na unajikuta mahali pasipotoka.

Nje ya mzingile kuna trela linalovutwa na trekta, watu wamekalia marobota ya nyasi kavu. Kuna maboga ya kuchuma na kununua, na juisi ya matofaa ya moto.

Ipo pia michezo ambayo mtu wa kwetu akiiona atashika kichwa. Baadhi ya mashamba yana sanduku kubwa lililojazwa punje za mahindi, watoto wanachezea humo kama mchanga. Mengine yana mizinga ya hewa ya kurushia magunzi yenye mahindi yake. Hatuwezi kumlaumu bibi aliyelala njaa mwaka wa ukame akisema hiyo ni kufuru. Tunaeleza tu kilichopo.

Mashamba mengi ni ya familia, lakini mengine huandaliwa na jamii: shule, kanisa, vikundi vya vijana wa kilimo, au vikosi vya zimamoto vya kujitolea. Watu wa eneo hilo hukata njia, huuza tiketi na kupika vyakula, na mapato huenda kwenye shughuli waliyokubaliana. Ni kama harambee, ila badala ya kutangaziwa mchango wako mbele ya watu, unatembea shambani.

Je, mahindi yanapotea?

Swali hili tuliulizwa sana tulipoligusia hewani. Sehemu kubwa haipotei. Mahindi ya mizingile mara nyingi ni ya njano, ya aina inayolimwa kwa ajili ya mifugo. Msimu ukiisha, mashine ya kuvunia hupita na kuvuna kuta zote kama shamba jingine lolote. Kinachopotea ni eneo la njia, mahindi yaliyoangushwa na wageni, na sehemu ya mavuno kwa sababu ya kuchelewa kupanda.

Tukumbuke pia kwamba Marekani ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha mahindi. Mkulima wao hupata kwa wastani magunia zaidi ya 40 ya kilo 100 kwa ekari moja, na sehemu kubwa ya mahindi hayo huwa chakula cha mifugo na mafuta ya magari. Ugali wa mtu hautegemei ekari ile.

Mkulima anapata nini?

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme mkulima ana ekari 5 na anavuna tani 4 na nusu kwa ekari. Hizo ni tani 22 na nusu. Tani moja ikiuzwa dola 170, anapata dola 3,825 kabla ya kutoa gharama za mbegu na mbolea. Sasa tuseme shamba hilohilo limeingiza wageni 2,000 kwa dola 12 kila mmoja. Hizo ni dola 24,000, na bado ana mahindi ya kuvuna.

Lakini usikimbilie kuona utajiri. Kati ya fedha hizo anamlipa mbunifu na vijana wa kusimamia, analipia vyoo, matangazo, na bima ya kumlinda endapo mgeni atavunjika mguu. Mkulima mdogo anayeishi mbali na mji anaweza kutumia yote hayo na wageni wasije.

Usalama: kupotea si mchezo kila mara

Oktoba 2011, huko Danvers, jimbo la Massachusetts, familia yenye mtoto mchanga ilishindwa kutoka kwenye mzingile na giza likaingia. Mama alipiga 911, namba ya dharura ya Marekani, akiwa na hofu kubwa. Polisi waliingia na mbwa, wakaikuta familia ikiwa hatua chache tu kutoka nje. Watu wengi walicheka baadaye, lakini mtu aliyewahi kupotea usiku hacheki.

Kama una ndugu anayekwenda huko, mtumie mambo haya:

- Aingie mapema, simu ikiwa na chaji, na ajue shamba linafungwa saa ngapi.
- Avae viatu vya kufunika mguu na nguo za mikono mirefu. Majani ya mahindi yanakata ngozi, na njia huwa na tope.
- Asivute sigara wala kuwasha moto. Mahindi yaliyokauka yanashika moto haraka.
- Asipenye kwenye kuta. Anaharibu mzingile, na anazidi kupotea.
- Akipotea kabisa, asimame na kuita msimamizi. Mashamba mengi yana watu wa kuzunguka ndani.

Kuna mbinu ya zamani ya kushika ukuta mmoja, tuseme wa kulia, na kuufuata bila kuuacha. Inafanya kazi pale ambapo kuta zote zimeungana. Mizingile mingi ya mahindi ina visiwa katikati, yaani vipande vya mahindi visivyoungana na ukuta wa nje. Ukishika kisiwa, utakizunguka hadi jua lizame. Ukiona umepita mahali palepale mara ya pili, vuka upande wa pili wa njia na ushike ukuta mwingine.

Somo moja linatufaa hata sisi tusio na mizingile. Mtoto wa miaka minne akiingia kwenye mahindi marefu ya kwetu, hapo ni mzingile tosha. Mfundishe mapema: ukiona hutuoni, simama palepale, piga kelele, usikimbie. Anayetafuta atamfikia haraka aliyesimama kuliko anayehama.

Je, inawezekana kwetu?

Baadhi yenu mmeuliza kama kikundi kinaweza kujaribu. Hatutaki kumpa mtu matumaini ya bure. Mchezo huu unahitaji watu wa mjini wenye fedha ya ziada, barabara inayopitika na shamba lililo karibu. Kuacha mahindi yasimame shambani muda mrefu baada ya kukomaa huleta wadudu, wezi na, mvua ikiyakuta, ukungu unaosababisha sumukuvu. Nyoka nao wana shamba lao humo. Familia inayotegemea ekari mbili kwa chakula cha mwaka isiziguse.

Kinachoweza kuigwa bila hatari ni wazo lenyewe: shamba linaweza kumlipa mkulima hata kwa kutembelewa. Shule ya mjini ikiomba kuleta watoto waone namna mahindi, kahawa au nyuki wanavyotunzwa, hiyo ni huduma, na huduma ina bei yake. Kaeni kwenye kikundi, mpige hesabu, mwanze na kidogo.

Mama aliyetuandikia tumempigia simu na kumsomea sehemu ya maelezo haya. Alicheka, kisha akauliza kama mwanawe alilipa fedha kweli ili aingie kwenye mahindi. Tulipomwambia ndiyo, akasema msimu ujao akirudi likizo ataingia kwenye mahindi ya nyumbani bure, na jembe atapewa.