Kijana wa Mji Mkongwe (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko alipiga piano katika The Hectics, bendi ya wanafunzi watano waliokopi nyimbo za Cliff Richard na Little Richard. Mwimbaji alikuwa mwingine. Mwaka 1963 akarudi Unguja, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Sasa ni kiangazi cha 1969, watu wanamwita Freddie, na kila Smile wanapopiga hakosi kuwepo.

SASA ENDELEA...

Smile walikuwa watatu. Brian May, msomi wa fizikia, alishika gitaa. Roger Taylor, aliyekuja London kusomea udaktari wa meno, alikaa kwenye dramu. Tim Staffell alipiga besi na kuimba, na ndiye aliyemleta Freddie, maana walisoma pamoja chuo cha sanaa cha Ealing.

Freddie hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya. Aliwashauri wavae nini, wasimame vipi, wamtazameje mtu aliyelipa kiingilio. Alichokitaka kila mtu alikiona: ile maiki. Lakini maiki ilikuwa mkononi mwa rafiki yake, na kumpindua rafiki lilikuwa jambo asiloliweza.

Basi bahati ikaja kutoka kaskazini. Agosti ile vijana wa bendi iitwayo Ibex waliteremka London kutoka upande wa Liverpool kujaribu maisha: Mike Bersin wa gitaa, John Taylor wa besi ambaye wenzake walimwita Tupp, na Mick Smith wa dramu, maarufu kama Miffer. Walikuwa bendi ya kopi. Walipiga Cream, Jimi Hendrix, Led Zeppelin na The Beatles, na walipiga vizuri, ila hawakuwa na mwimbaji wa kumfanya mtu aache glasi yake na kutazama jukwaa.

Siku kumi tu baada ya kufahamiana nao, tarehe 23 Agosti 1969, Freddie alisimama mbele ya Ibex katika ukumbi wa Octagon mjini Bolton. Kesho yake wakapiga tena, safari hii bustanini, hadharani. Huyu ni kijana ambaye nyumbani na chuoni walimjua kwa haya zake. Jukwaani haya zile hazikuonekana. Alitembea, akanyoosha mikono, akaziimba nyimbo za watu kana kwamba aliandikiwa yeye. Mimi naamini kopi ndiyo iliyomfundisha. Mtu akiimba wimbo ambao ukumbi mzima unaujua, hana pa kujificha. Lazima awape sababu ya kumsikiliza yeye.

Septemba wakawa Liverpool, na kwa muda Freddie akalala ghorofani juu ya baa ya familia ya rafiki wa bendi, mtaa wa Penny Lane. Tarehe 9 Ibex walipiga katika klabu ya The Sink, chumba cha chini ya ardhi. Rafiki mmoja alikuwa na mashine ya kurekodi. Smile nao walikuwa mjini usiku huo, na ilipofika mwisho Brian na Roger wakapanda jukwaani. Kwa mara ya kwanza watatu hao wakapiga pamoja mbele ya watu.

Na tepu ilikuwa imekwisha! Mpaka leo hakuna aliyeweza kuturudishia dakika zile.

Baada ya hapo bendi ikaanza kumeguka. Asubuhi moja Miffer alifunga safari akarudi Widnes kuuza maziwa. Freddie mwenyewe alilieleza hilo kwa hasira katika barua ya Oktoba. Kiti cha dramu akakikalia Richard Thompson, ambaye zamani alipiga na Brian na Tim katika bendi yao ya ujana iliyoitwa 1984. Jina nalo likabadilika. Bersin amesimulia kwamba Freddie alimpigia simu kumuuliza kama angependa bendi iitwe Wreckage, akimhakikishia kuwa wenzake wameshakubali. Walipokutana, wakagundua kwamba kila mmoja aliambiwa vivyo hivyo.

Inasimuliwa pia kwamba siku moja, Widnes, Freddie aliizungusha stendi ya maiki iliyokuwa nzito, kitako kikachomoka. Hakusimama kukitafuta. Akaendelea na nusu ya fimbo, na nusu ile hakuiacha tena maisha yake yote.

Lakini masomo ya Bersin yalikuwa Liverpool na Freddie alikuwa London. Kabla ya mwaka kwisha Wreckage ikafa.

Mwanzoni mwa 1970 akajibu tangazo, akafanyiwa majaribio, akawa mwimbaji wa Sour Milk Sea. Haikuchukua muda akawa karibu mno na mpiga gitaa Chris Chesney, wengine wakaona wanatengwa. Gitaa na spika alizotumia Chesney zilikuwa mali ya mwenzao mmoja. Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam wanajua mwenye vyombo ana nguvu gani: akivichukua, bendi imekwisha. Akavichukua.

Bendi mbili ndani ya mwaka, zote zimevunjika mikononi mwake. Freddie akarudi kwenye banda la nguo kuukuu alilokuwa akiliendesha na Roger katika soko la Kensington.

Ndipo Tim Staffell alipowaambia Brian na Roger kwamba anaondoka. Amepata nafasi katika bendi mpya ya Colin Petersen, aliyekuwa mpiga dramu wa Bee Gees. Smile wamebaki wawili, hawana mwimbaji, hawana besi, na mama yake Roger ameshawapangia onesho la kuchangia Msalaba Mwekundu, mjini Truro, tarehe 27 Juni. Jina la Smile limeshatolewa kwa waandaaji.

Maiki iko wazi. Freddie yuko tayari kuishika, lakini jina la Smile halitaki. Ana jina lake, na alipolitaja wenzake wakasita.

Je, Brian na Roger watalikubali? Na usiku wa Truro, besi atapiga nani?

ITAENDELEA WIKI IJAYO