Upanga wa Conan

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimnyang'anya mwanachuo riwaya ya Conan, yule shujaa mshenzi mwenye upanga, nikaiita upuuzi. Usiku nikaisoma hadi mwisho.

Robert E. Howard wa Texas alimtoa Conan katika jarida la Weird Tales mwaka 1932, Marekani ikiwa katika mdororo mkuu wa uchumi. Kwa msomaji aliyepoteza kazi na akiba, mtu anayetegemea mkono wake tu, asiyempigia yeyote magoti, alikuwa faraja. Howard mwenyewe alijiua mwaka 1936, akiwa na miaka 30.

Kijana wangu naye aliishi kwa kengele na amri zangu. Asubuhi nilimrudishia kitabu, lakini sikumwomba radhi. Hilo hunisuta hadi leo.