Msasani na Mwitongo

Mpwa wangu anafanya kazi katika kambi moja ya watalii karibu na Robanda, katika nchi ya Waikoma, nje kidogo ya lango la Hifadhi ya Serengeti. Nilipokwenda kumtazama aliniuliza swali usiku mmoja baada ya chakula, huku fisi wakilia ng'ambo ya bonde: "Mjomba, lau ungepewa hiari, ungekaa wapi? Kwetu pwani, au kijiji cha bara kama hiki?" Swali halikuwa la mchezo. Shamba la minazi aliloliacha marehemu baba yangu lipo ufukweni, mnunuzi mmoja anataka kujenga hoteli hapo, na fedha anazozitaja zingenitosha kuhamia nipendako. Nilimjibu kijana upesi, kama ajibuvyo mtu wa visiwani, kwamba asiyelala akisikia maji hajalala. Akacheka. Njiani kurudi nilianza kulionea haya jibu langu, maana barabara ya kutoka Mugumu na Nata kwenda Makutano hupita Butiama.

Huwezi kupita Butiama usikumbuke kwamba mtu mmoja maarufu aliwahi kuwa na hiari hiyohiyo, akachagua kinyume cha nilivyojibu mimi.

Mwalimu Julius Nyerere, alipokuwa Rais, alikuwa na nyumba yake Msasani, upande wa bahari. Wakati ule jina la Msasani lilimletea msikilizaji picha ya wavuvi na ngalawa. Leo rasi ile imejaa hoteli, balozi na mikahawa yenye taa mpaka alfajiri, na mwenye kiwanja pale hana haja ya kueleza kwa nini hataki kuondoka. Tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi, ambaye alikuwa Rais wa Zanzibar. Kwa hiyo katika mwaka huo mtu wa visiwani alikuja kuishika Dar es Salaam, na mtu wa bara akaiaga bahari. Alirudi Butiama kulima.

Tusiikuze hadithi kupita kiasi. Hakujifungia kijijini kama walii. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa chama hadi 1990, akaongoza Tume ya Kusini, na tangu 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi iliyomweka Arusha na safarini mara kwa mara. Nyumba ya Msasani haikufungwa. Lakini mtu huulizwa kwake ni wapi, na jibu lake lilikuwa Butiama. Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, huko ndiko alikorudishwa, akazikwa tarehe 23 mwezi huo.

Mimi niliyejifunza kazi ya tarjuma bila kukalia dawati la chuo chochote, nina sababu yangu ya kumtazama mtu huyu kwa jicho la karibu. Alizaliwa 1922 katika Kizanaki, akaanza shule Musoma akiwa na miaka kumi na miwili. Kiswahili, ambacho sisi tulikinyonya, yeye alikisomea. Hata hivyo alikuwa Rais wakati tarjuma yake ya Shakespeare ilipotoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Akairudia na kuisahihisha, nayo ikatoka tena 1969 ikiitwa Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Jina hilo limenisumbua miaka mingi. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa wengi, na wote wamekuwa mabepari, kwa sababu Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Ningekuwa mimi ningeandika "Tajiri wa Venisi", kwa maana ya zamani ya neno hilo, pale tajiri alipokuwa mwenye jahazi na bidhaa. Lakini sikuwa mimi, na kitabu chake kinasomwa.

Kisha mwaka 1996, miaka kumi na mmoja baada ya kustaafu, zikatoka tenzi zake za Enjili nne na Matendo ya Mitume. Utenzi ni mtoto wa Pate na Lamu. Mizani minane, vina vitatu vya ubeti na cha nne kinachoshuka hadi mwisho wa kazi: kipimo hicho kilikuwa kimekomaa tangu enzi za Chuo cha Herekali cha 1728, kiliposomwa kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakisikia bahari. Mzanaki akakichukua akakitumia kwa maelfu ya mistari. Aliiacha bahari mlangoni, lakini bahari haikumwacha mkononi.

Sasa neno lililonifanya nione haya. Mahali alipozikwa Mwalimu panaitwa Mwitongo, napo ndipo ulipo mji wa baba yake, Mtemi Burito. Itongo, katika lugha za Mara, ni mahali palipokuwa na mji ukahamwa. Sisi tungesema mahame. Nasi tunayapita mahame yetu kwa kusoma fatiha, halafu tunakwenda zetu. Wao hurudi kwenye itongo kama tunavyorudi sisi kwenye kitabu. Wazee niliokaa nao Ikoma hawakunisimulia historia kwa kufuata miaka. Walitaja mahali: mto huu, kilima kile, mti ulipoanguka, nani alizikwa chini yake. Aliyeyataja yote kwa mpango alikuwa amemaliza kusimulia.

Na Waikoma wana mahame mengi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 mashambulizi ya Wamaasai, njaa na sotoka viliwatawanya wao na jirani zao Wanata, Waisenye na Wangoreme. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga ngome juu ya kilima, ile ambayo baadaye iligeuzwa kwa muda kuwa hoteli ya watalii. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa, na mbuga walizowinda babu zao zikawa mwiko. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yakapunguza tena. Wana kitu kimoja kinachohamishika, pembe mbili za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo mapokeo yanasema walizipata kwa nabii wa Kitatoga. Pembe hubebwa. Kaburi halibebwi.

Katikati ya tarehe hizo ipo nyingine ambayo mpenzi wa Mwalimu hapendi kuigusa. Novemba 1973 yeye mwenyewe alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Mwaka 1974 operesheni ilifika Mara. Watu waliokuwa wamesambaa, kila ukoo kwenye itongo lake, walikusanywa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara, na nyumba za nyuma zikabaki kuwa mahame mapya. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na baadhi ya vitu hivyo vilikuja. Lakini sikuweza kusimama pale Mwitongo bila kuona kwamba mtu aliyerudi kwenye mji wa baba yake alikuwa amewaondoa wengine kwenye miji ya baba zao. Mwaka huohuo wa 1973 chama kiliamua makao makuu ya nchi yatoke pwani yaende Dodoma; serikali yenyewe ilichukua zaidi ya miaka arubaini kufungasha. Mwanakijiji wa Mara hakupewa hata msimu mmoja.

Mpwa wangu ameniambia kwamba wageni wake wengi, wakimaliza kutazama nyumbu, hupanda ndege ndogo na kuja kupumzika kwenye fukwe zetu. Ni mtalii yuleyule, anakuta kitanda kilekile chenye chandarua cheupe. Robanda wanauza jioni ya mbuga, sisi tunauza asubuhi ya maji, na katika pande zote mbili mwenyeji hupita kwa mlango wa nyuma akiwa na sare. Kwa hiyo swali la kijana lilikuwa na kasoro moja: lilidhani pwani niliyoitaja bado ipo, ikinisubiri.

Nilipofika nyumbani nilikwenda shambani kabla sijaingia ndani. Minazi imezeeka. Chini ya mkungu ulio karibu na kisima wamelala babu yangu, shangazi yangu mmoja, na mtoto ambaye hakupewa jina. Mnunuzi alishaniahidi kwamba watajenga ukuta mzuri kuyazunguka makaburi. Hati za mauzo zimo katika mtoto wa meza, chini ya muswada ninaoufasiri, na kalamu ipo juu.