Spidomita ya Land Rover kama Ushahidi wa Kihistoria: Njia ya Korogwe–Handeni

Wanahistoria wa usafiri hutumia madaftari ya safari za magari kana kwamba maili zilizoandikwa humo hazina dosari. Insha hii inadai kwamba maili hizo sharti zihakikiwe kwanza. Katika Land Rover za zamani, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, kebo moja itokayo kwenye giaboksi huendesha mshale wa mwendo pamoja na kihesabu maili. Mshale huvutwa kwa nguvu ya sumaku na kuzuiwa na springi. Kihesabu maili huzungushwa na meno ya gia. Hivyo, mshale ukikosea peke yake, kasoro imo katika sumaku au springi. Vyote viwili vikikosea kwa uwiano mmoja, chanzo aghalabu ni ukubwa wa tairi.

Tairi zenye mzingo uliozidi ule wa kiwandani kwa asilimia 10 zingeifanya njia ya Korogwe–Handeni, yenye takriban kilometa 65 (maili 40), isomeke chini ya maili 37. Mafuta yangeonekana kuzidi safari, na dereva angeshukiwa wizi asioutenda. Kwa hiyo, daftari lisitumiwe kumhukumu dereva kabla ya kujulikana gari lilifungwa tairi za ukubwa gani.