Gari la Zamani Katika Uwanja wa Mbio

Chombo hujulikana kwa kazi yake. Jahazi lililopandishwa pwani, likapakwa mafuta kila mwaka wala lisishushwe majini, ni jahazi kwa jina tu. Na ngoma isiyopigwa ni gogo na ngozi. Lakini chombo kitumikacho huchakaa, na kichakaacho huweza kupotea. Hapo ndipo penye mashaka ya kila mtu aliyerithi au kununua kitu cha thamani cha zamani: akitumie kichakae, au akifiche kisahauliwe?

Katika Uingereza wenye magari ya mbio ya zamani wamelijibu swali hili kwa desturi yao wenyewe. Watu ambao hawali mshahara wa udereva, ambao siku nyingine ni mafundi, waalimu, wafanya biashara au wazee waliostaafu, huyachukua magari yao kwa siku moja mpaka katika uwanja wa mbio, wakayaendesha kwa nguvu yaliyoundiwa, kisha wakarejea nayo kwao. Mtazamaji aweza kudhani kuwa huo ni mchezo wa anasa tu. Historia yake yaonyesha jambo kubwa zaidi: jinsi kasi ilivyotafutiwa mahali pake, na jinsi mahali pale palivyokuja kuwa hifadhi ya elimu.

Chanzo chake kilikuwa sheria. Gari lilipokuwa lingali jambo geni, mashindano yalifanywa katika barabara zipitazo watu na wanyama. Mwezi wa Mei 1903 mbio za kutoka Paris kwenda Madrid zilikatizwa Bordeaux baada ya madereva na watazamaji kuuawa, na Marcel Renault, mmoja wa ndugu waliotoa jina kwa magari ya Renault, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Katika mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha mwendo wa gari kuwa maili 20 kwa saa, yaani kilometa 32, na kikomo hicho hakikuondolewa ila kwa sheria ya mwaka 1930. Hata mbio za Kombe la Gordon Bennett, ambazo zamu yake ya 1903 ilikuwa ya Uingereza, zilipelekwa Ireland kwa ruhusa ya sheria ya pekee. Waingereza wakajikuta na magari yanayoweza kukimbia, lakini hawana mahali pa kuyakimbizia.

Ndipo Bwana Hugh Locke King alipojenga Brooklands katika ardhi yake mwenyewe karibu na Weybridge, kwa fedha yake mwenyewe. Uwanja huo, uliofunguliwa Juni 1907, ulikuwa wa kwanza duniani kujengwa makusudi kwa mbio za magari. Njia yake ya saruji ilizunguka mwendo wa karibu maili 2 na robo tatu, upana wake ukiwa futi 100, na penye kona iliinuliwa kama ukuta ulioinama ili gari lisilazimike kupunguza mwendo. Hata kabla ya mashindano ya kwanza kufanywa, S. F. Edge alikwisha kaa katika usukani wa gari la Napier mchana na usiku, akaenda maili 1,581 katika saa 24. Wastani wake ulikuwa karibu maili 66 kwa saa, zaidi ya mara tatu ya kikomo cha barabarani. Kwa kuwa hapakuwa na mfano mwingine wa kufuata, desturi nyingi ziliazimwa kutoka mbio za farasi: madereva wa mwanzo walitambulikana kwa rangi za mavazi yao. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana mwaka wa kwanza, lakini mwaka 1908 Bibi Muriel Thompson alishinda shindano lililofunguliwa kwa ajili yao.

Brooklands ulikuwa uwanja wa wenye nafasi. Hatua iliyofuata ilitokana na watu wa kipato cha kadiri. Mwaka 1934 wapenzi kadhaa wa magari walianzisha chama kiitwacho Vintage Sports-Car Club, kwa ajili ya wasio matajiri sana, wenye magari ambayo soko lilikwisha yaacha. Waliona kwamba magari mapya yaliundwa kwa wingi na kwa bei nafuu, na kwamba ufundi wa miaka iliyopita ulikuwa ukitoweka katika upunguzaji huo wa gharama. Mpaka wao wakauweka mwishoni mwa mwaka 1930: gari lililoundwa kabla ya hapo lilistahili kulindwa, na ulinzi wake ulikuwa kuliendesha. Wazo hili lilikuwa geni. Kwa watu wengi gari kuukuu lilikuwa chuma chakavu. Kwa wanachama hawa lilikuwa urithi.

Vita vya 1939 vikaufunga uwanja wa Brooklands. Ukageuzwa mahali pa kuundia ndege, njia yake ikakatwa, wala mbio hazikurudi humo. Lakini vita hivyo hivyo vilivyoharibu uwanja mmoja viliacha viwanja vingine vingi vya ndege vilivyokuwa havina kazi, vyenye njia ngumu na pana. Mwaka 1947 kikundi cha marafiki walishindana bila ya kibali katika kiwanja cha Silverstone; gari moja likamgonga kondoo aliyekuwa akichunga, na mbio zile zikabaki zikiitwa kwa mzaha mbio za nyama ya kondoo. Mwaka uliofuata, Oktoba 1948, mashindano makubwa ya taifa yalifanywa mahali pale pale. Septemba ya mwaka huo huo Mtawala wa Richmond alifungua uwanja wa Goodwood katika njia iliyozunguka kiwanja cha ndege za vita cha Westhampnett.

Miaka ile ilikuwa neema kwa dereva wa ridhaa. Petroli ilikuwa ya mgawo mpaka 1950, na fedha ilikuwa haba, lakini gari moja liliweza kufanya kazi zote. MG TC, lililoanza kuundwa mwaka 1945, lilikuwa na injini ya nguvu za farasi 54 tu. Mwenyewe aliweza kwenda nalo kazini siku za juma, akaenda nalo uwanjani siku ya mapumziko, akalaza kioo cha mbele, akashindana, akakiinua tena na kurudi nyumbani. Colin Chapman, ambaye baadaye magari yake ya Lotus yalitwaa ubingwa wa dunia, alianza mwaka 1948 kwa kuunda gari lake kutokana na Austin Seven kuukuu.

Hali hiyo haikudumu. Magari ya mashindano yalizidi kasi hata yasifae tena barabarani, na gharama zake zikawashinda watu wa kawaida. Tarehe 23 Aprili 1962 Stirling Moss aliumia vibaya sana Goodwood, na huo ukawa mwisho wa kazi yake katika mashindano makubwa. Mwaka 1966 mbio zilikomeshwa uwanjani hapo kwa sababu magari yalikuwa yameishinda njia. Dereva wa mshahara na dereva wa ridhaa wakaachana. Hapo siku za uwanja zisizo za mashindano zikapata maana mpya, kwa kuwa ndizo zilizombakizia mtu wa kawaida mlango wa kuingilia. Mbio zenyewe zilirudi Goodwood tarehe 18 Septemba 1998, miaka 50 kamili tangu siku ya kwanza, kwa magari ya namna ile ile iliyokimbia humo kabla ya kufungwa.

Siku ya namna hii ina adabu zake. Asubuhi madereva hukusanywa wakaelezwa kanuni. Gari hupimwa kelele zake, kwa kuwa majirani wa uwanja wana haki ya utulivu. Kofia ya kukinga kichwa ni lazima. Bendera ya njano huonya kuwa mbele pana hatari. Nyekundu husimamisha safari. Hakuna saa ya kupimia mizunguko wala kombe la kupokea, na hakuna ampitaye mwenziwe ila kwa ridhaa ya apitwaye. Mtu aliyezoea kuiona kasi kama ugomvi huikuta hapa imefungwa kwa heshima.

Na gari la zamani ni mwalimu mkali. Breki zake, zilizofungwa ndani ya ngoma ya chuma, hupata moto upesi, na zikipata moto hupoteza nguvu. Mwendeshaji hujifunza kuziwekea akiba. Mipira yake ni myembamba, nayo huteleza kidogo kidogo, ikimpa onyo mwenye kusikia. Katika magari mengi ya kabla ya 1931 gia hazikubali kuingia mpaka dereva akanyage klachi mara mbili na kulinganisha mwendo wa injini kwa sikio lake. Elimu hii haiandikiki yote katika kitabu. Hukaa mikononi, miguuni na masikioni, na hupita kutoka kwa mtu mpaka kwa mtu. Fundi ajuaye kulirekebisha gari hilo hubaki na kazi maadamu lipo gari linaloharibika. Magari yote yakinyamaza, ujuzi wake utazikwa pamoja naye.

Hata hivyo wapinzani wa desturi hii wana hoja nzito. Thamani ya baadhi ya magari imepanda kupita kiasi: Ferrari 250 GTO, aina iliyoundwa magari 36 tu, iliuzwa moja Agosti 2018 huko California kwa dola za Marekani milioni 48.4. Ni nani atakayelaumiwa akisita kukipeleka kitu kama hicho penye ukuta na tope? Tena kila kipande kinachovunjika na kubadilishwa hulipunguzia gari uasili wake. Lililo zito kuliko yote ni roho ya mtu: Bruce McLaren, dereva hodari na muundaji wa magari, alikufa Goodwood tarehe 2 Juni 1970 akijaribu gari lake, siku isiyo ya mashindano.

Hoja hizi hazikanushiki, bali hupimwa. Magari machache yaliyo shahidi pekee wa enzi zake yafaa yatulie katika makumbusho, ambako hata aliyekaa bila ya kuwashwa hufunza umbo na akili ya waliomwunda. Lakini mengi yaliundwa kwa maelfu, na hayo hayapotezi historia yake kwa kubadilishwa pedi za breki. Kubadilishwa ni sehemu ya historia hiyo. Hatari nayo haiondoki, bali hupunguzwa na kiasi. Asiyejua kikomo cha gari lake hana haki ya kukitafuta penye watoto wavukao barabara. Na sheria ya 1903, iliyoonekana kuwa adui wa kasi, ndiyo iliyomlazimisha mtu akitafute mahali panapofaa.

Urithi wa chuma hauhifadhiwi kwa chuma peke yake. Huhitaji mkono uujuao, mahali paukubalipo, na mwenyewe aliye tayari kupoteza kidogo ili kilicho kikubwa kisipotee.